Utungo wa Papo kwa Papo: Kutoka Njia ya Msafara hadi Waya wa Gitaa

Rafiki yangu mmoja, malenga ambaye huhesabu mizani hata anapojibu salamu, alinikemea hivi karibuni kwa kumwita mwimbaji wa singeli mtungaji. Hoja yake ilikuwa fupi. Utungo hutungwa, alisema. Hukaliwa, hupimwa, hufutwa, huandikwa upya. Kinachomtoka mtu kinywani bila kupitia hayo ni makelele yaliyobahatika kuwa na vina. Sikumjibu siku ile, maana tulikuwa mezani na wali ulikuwa unapoa. Namjibu leo, nami naanzia mahali ambapo hakupatazamia: si Manzese wala Tandale inakopigwa singeli, bali Tabora.

Kitete ni kata ya mji wa Tabora, na wengi huijua kwa hospitali yake ya mkoa. Lakini nchi ile, pamoja na Kwihara na vitongoji vingine vya Unyanyembe, ilikuwa katika karne ya 19 njia panda kubwa ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo ikapumzika, kisha ikagawanyika: wengine wakashika njia ya Ujiji na Ziwa Tanganyika, wengine wakaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, wengine kusini. Richard Burton na John Speke waliingia hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Historia za shule hutukaririsha majina hayo, na huwasahau waliobeba mizigo yao.

Waliobeba ni wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, kiasi cha kilo 32, kichwani au begani, pembe za ndovu kwa safari ya kwenda pwani, nguo, shanga na waya wa shaba kwa safari ya kurudi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya njiani, ameonyesha kwamba watu hawa hawakuwa kundi la wanyonge waliosukumwa tu. Walikuwa wafanyakazi wenye mila zao, heshima zao, na njia zao za kugoma posho ilipopungua. Lugha yetu inabeba alama yao. Neno mnyapara, tunalolitumia mpaka leo kwa msimamizi wa kazi, ni la njia hiyo, kutoka kwa wanyampara wa Unyamwezi.

Nao walikuwa na muziki wao. Mbele ya msafara alikwenda kirongozi, mwenye bendera na mavazi ya kutisha, na karibu naye wapiga ngoma na baragumu la pembe ya tandala. Nyuma yake mstari mrefu wa watu ukiimba. Kazi ya wimbo ule ilikuwa wazi: kuweka hatua pamoja, kusahaulisha uzito, kuwatangazia wenyeji kwamba wanaokuja si wezi. Lakini tuutazame ulivyojengwa. Mmoja hutupa ubeti, wote huitikia. Kiitikio kimekaa, hakibadiliki. Ubeti hubadilika kila siku kwa sababu siku yenyewe hubadilika. Mvua imenyesha, unaimbwa matope. Posho imechelewa, anaimbwa bwana mwenye msafara. Burton mwenyewe ameandika kwamba wapagazi walimwimba mzungu wao, tena si kwa kumsifu, naye akaendelea na safari akiwa amekaa juu ya punda na kuyasikia.

Hapo ndipo ninapotaka malenga mwenzangu asimame kidogo. Mwimbaji wa mbele alikuwa na mzigo wa kilo 32 kichwani. Hakuwa na kalamu, hakuwa na jana ya kutunga kwa ajili ya leo, maana jambo la kuimbwa lilikuwa halijatokea. Alikuwa na muda wa kiitikio tu, hatua nane au kumi, kupata mstari ufuatao, uingie katika mwendo wa miguu ya watu mamia, uchekeshe au uchome, na umkabidhi mwitikio mahali pake barabara. Akikosea, hatua zinavurugika, na kila mtu anajua ni nani aliyezivuruga. Mimi sijaona mtihani wa mizani ulio mkali kuliko huo.

Tungo hizo ziko wapi? Karibu zote zimepotea. Chache zilizobaki zimo katika vitabu vya wasafiri, zimeandikwa kwa tahajia ya kubahatisha na watu ambao mara nyingi walikuwa ndio wanaotukanwa. Maisha ya Tippu Tip, kitabu alichokitunga mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kinatupa bei za pembe, vita na madeni kwa ufasaha wa ajabu. Wapagazi hupita humo zaidi kama idadi. Kisha mwaka 1923 likaja gazeti la Mambo Leo na kurasa zake za mashairi, na watu wa bara wakapata mahali pa kuchapisha beti zao. Lilikuwa jambo la heri, nami nisingependa kueleweka vingine. Lakini gazeti huchukua kinachoweza kutumwa kwa posta. Tangu hapo, kwa wengi wetu, ushairi ni kile kilichokwisha kukamilika kabla ya msomaji kufika.

Haikuwa hivyo daima hata pwani. Katika ngoma ya gungu, malenga alifumba na mwenzake akatakiwa afumbue palepale, mbele ya watu, kwa ubeti. Tunayasoma mafumbo hayo leo kwenye karatasi kana kwamba yalizaliwa na wino.

Turudi Unyamwezi, kwa sababu kuna chombo ambacho hakina budi kutajwa. Ndono ni uta wenye waya mmoja na kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji hugonga waya kwa kijiti, na mkono wake mwingine hugusa waya kubadilisha sauti. Ajabu iko kwenye kibuyu. Kikibanwa kifuani, sauti hufungika na kuwa nzito. Kikiondolewa, hufunguka na kung'aa. Kwa hiyo mpigaji ana waya mmoja, lakini ana rangi nyingi za sauti, na huzichagua kwa pumzi na kifua chake huku akiimba. Mafundi wa muziki wa umeme hutumia vifaa vya bei kubwa kufanya kitu kilekile: kuipunguza au kuiachia sehemu fulani ya sauti wakati inaendelea kulia. Mcheza gitaa hufanya hivyo kwa kukanyaga pedali. Mnyamwezi alifanya kwa kibuyu.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikahamia katika mabehewa, na wimbo wa mpagazi ukakosa kazi. Gari la moshi halihitaji kuimbiwa ili litembee. Tabora ikabaki njia panda, safari hii ya reli, hasa baada ya tawi la Mwanza kufunguliwa mwaka 1928. Watu waliopita stesheni ile walikuja na magitaa, na baadaye na santuri za Kongo na za Kuba.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mji huu mmoja ulikuwa na bendi ambazo miji mikubwa ingezionea wivu: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz, na Nyanyembe Jazz, ambayo jina lake ni la ule utemi wa zamani. Hata Dar es Salaam, mwaka 1959, Iddi Nhende, mtu wa Nzega, aliunda Western Jazz, na huo umagharibi ni wa mkoa wetu huu. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina: Saboso kwa Western, Segere Matata kwa Tabora Jazz. Neno jazz lenyewe lisitupotoshe. Halikuwa na maana ya muziki wa Marekani. Lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye magitaa, ngoma za madukani na, ikibahatika, tarumbeta. Lakini jambo moja ambalo Wamarekani walilihesabu kuwa roho ya jazz, yaani mpigaji kutunga papo kwa papo mbele ya wasikilizaji, lilikuwapo Tabora bila kuhitaji jina la kuazima.

Lilikuwa katika sehemu ya pili ya wimbo. Anayeujua muziki wa dansi anajua kwamba wimbo huanza taratibu, maneno yakisimuliwa, mapenzi, mauti, shida za mjini. Kisha huja chemko. Uimbaji hupungua, ngoma hubadilika, na magitaa hushika usukani. Gitaa la solo hupata kijinyimbo kifupi na kukirudia, halafu hukipinda kidogo, halafu kidogo tena, kulingana na miguu iliyopo ukumbini. Ridhimu na besi hukaa palepale, kama kiitikio cha wapagazi. Mwimbaji hutupia maneno: jina la aliyeingia mlangoni, salamu kwa mtu wa Urambo, utani kwa mpiga ngoma. Ukumbi ukikataa, wanabadili. Ukumbi ukikubali, chemko huweza kuchukua muda mrefu kuliko wimbo wote uliotangulia.

Nani ametuhifadhia hilo? Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma za asili, santuri ya wakati ule ilichukua dakika tatu hivi kwa upande. Ngoma ya kukesha ikakatwa ikawa ya dakika tatu. Zilipokuja santuri ndogo za mizunguko 45, wachapishaji waligawa wimbo mmoja pande mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Msikilizaji alisikia maneno, kisha akainuka, akageuza santuri, na chemko likaanza upya upande wa nyuma, limekatwa kichwa. Watangazaji waliokuwa na haraka walicheza upande wa kwanza pekee. Shem Karenga, aliyetoka Kigoma akajiunga na Tabora Jazz, anakumbukwa nchi nzima kwa utungo wake wa Dada Asha. Watu huyajua maneno. Waulize kuhusu gitaa la upande wa pili, wengi watapiga mluzi kidogo na kunyamaza. Alifariki mwaka 2014, na magazeti yalimsifu, kwa haki, kama mtunzi wa maneno.

Wakati Tabora ikichemka, Ulaya nako vijana fulani walikuwa wanatafuta kitu kinachofanana. Mwaka 1965 lilianzishwa kundi la AMM mjini London, na mwaka uliofuata Musica Elettronica Viva mjini Roma. Walipanda jukwaani bila wimbo uliokubaliwa. Keith Rowe wa AMM alililaza gitaa mezani, akalisugua kwa vyuma, akawasha redio katikati ya muziki na kuiacha iseme ilichosema usiku huo. Vitabu vya historia ya muziki vinawaita majaribio, na ni kweli walijaribu. Walitaka kumwondolea mwanamuziki ulinzi wa karatasi. Nikiwasoma, nawaheshimu, ila hucheka kidogo kwa ndani, kwa sababu mpagazi hakuwahi kuwa na karatasi ya kuondolewa.

Daraja la wazi kabisa kati ya dunia hizo mbili lilijengwa na mtu wa njia yetu hiihii. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, na Ugogo ndio nchi iliyokatwa na misafara kati ya Tabora na pwani, maarufu kwa kiu yake na hongo iliyotozwa. Alikwenda Dar es Salaam kuwa katika kikundi cha taifa cha ngoma, akaishi na kufundisha Bagamoyo, ambako misafara iliishia. Vyombo vyake vilikuwa zeze na ilimba. Ilimba ina ndimi nyingi za chuma juu ya sanduku la mbao. Baadhi hupigwa kwa vidole, nyingine haziguswi, hutetemeka zenyewe kwa kuitikia jirani zake. Katika tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Fundi wa studio angesema hiyo ni kasoro ya spika. Kwa Wagogo ni utamu wenyewe. Sauti safi mno ni sauti isiyokolea.

Mwaka 2002 Zawose alitoa albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, Mkanada aliyebuni gitaa la umeme ambalo noti yake ikipigwa haifi, huendelea kulia mpaka mpigaji aizuie. Fikirini mkutano huo. Upande mmoja ilimba, ambayo kila noti yake huzimika mara tu inapozaliwa, kwa hiyo mpigaji hana budi kuzaa nyingine. Upande mwingine gitaa lisilozimika. Wapo waliosema umeme ulimfunika mzee. Mimi nimeisikiliza mara nyingi, na naona kuna nyimbo mbili tatu ambapo ni kweli, mashine imejaza kila pengo na mtu hapati pa kupumulia. Lakini panapofaulu, sauti ya Zawose hupanda, gitaa humngoja chini yake kama wimbi refu, naye huchagua pa kushukia. Zawose alifariki mwaka uliofuata, Desemba 2003. Mwanawe Msafiri aliendelea, na mwaka 2017 akatoa Uhamiaji, ambamo zeze na mitambo ya umeme vimezoeana zaidi. Hakuna anayemngoja mwenzake.

Kwa jirani zetu wa Kongo, kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alikuwa ametatua swali hilohilo kwa njia ya gereji. Likembe haikusikika mbele ya kelele za jiji, basi akatumia sumaku zilizotoka katika vyuma vya magari makuukuu kuifanya ya umeme. Sauti ilitoka imekwaruzika. Hakuitengeneza, aliifanya ndiyo mtindo. Utando wa buibui ulikuwa umerudi, safari hii kwa betri.

Na huko pwani, katika mitaa ya Dar es Salaam ya miaka ya 1990, vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya watoto kuchezea, wakaviunganisha na vipaza sauti vya pembe, wakaweka ngoma za Kizaramo chini yake. Umeme ukikatika, ngoma ziliendelea. Albamu ya Jagwa Music ya mwaka 2012 inaonyesha vizuri jinsi kinanda na ngoma vinavyogombana bila kuachana. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye singeli, ambayo mwendo wake huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliwafikisha wapigaji hao katika kumbi za Ulaya, ambako wakosoaji waliwapokea kama wanamuziki wa majaribio. Mitaani kwao wanaitwa kupiga harusi.

Mwimbaji wa singeli katika sherehe ya mtaani hufanya nini? Hupewa mapigo ambayo huenda hajawahi kuyasikia. Kompyuta mpakato inazungusha kipande cha taarabu kilichoharakishwa. Anayeiendesha huongeza, hukata, hurudisha nyuma. Mwimbaji humtaja bibi harusi, humtaja aliyetuza, humsema ambaye hakutuza. Vijana wa muziki wa kizazi kipya huita hali hiyo mitindo huru, nami nalipenda jina hilo kwa sehemu tu. Neno huru linadokeza kwamba hakuna sheria, ilhali sheria zipo na ni kali: mwendo haukungojei, na anayesemwa yupo mbele yako. Ndiyo maana kichwani mwa makala haya nimeandika utungo wa papo kwa papo. Ni jina refu, lakini utungo limo ndani yake, na ndilo neno ambalo rafiki yangu alilikataa.

Naye, kwa haki yake, ana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Tungo nyingi za namna hii ni dhaifu. Zinarudia, zinatukana pasipo akili, zinajaza nafasi kwa majina ya wenye fedha. Nakubali. Vilevile ukifungua kurasa za mashairi za gazeti lolote la zamani utakutana na beti ambazo mizani yake imetimia na ndani yake hamna mtu. Tofauti ni kwamba beti zile dhaifu tunazo, zimehifadhiwa, tunaweza kuzisoma na kuzikataa. Za mpagazi hodari wa Unyanyembe hatunazo, wala hatuwezi kumhukumu.

Wiki iliyopita nilimwalika rafiki yangu tena, nikamwekea santuri ya zamani ya mizunguko 45 ya bendi moja ya bara. Tulisikiliza upande wa kwanza. Alitikisa kichwa, akasifu vina. Nikaigeuza. Gitaa la solo lilishika kijinyimbo chake, likakipinda, mwimbaji akamtaja mtu ambaye sisi sote wawili hatumjui, watu wakacheka nyuma ya kipaza sauti. Kisha gitaa likajaribu kitu kipya kabisa, noti tatu za kupanda ambazo hazikuwa zimesikika tangu mwanzo, na hapo fundi wa studio akaanza kupunguza sauti. Rafiki yangu alisogeza sikio karibu na spika. Gitaa lilikuwa bado linaendelea, dogo, dogo zaidi, mpaka ikabaki sindano tu ikikwaruza.

"Aliendelea vipi?" akaniuliza.